Kiti Kilicho Karibu na Mlango

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema! Mtunza jumba ametangaza kwamba Ijumaa atachagua mwongoza wageni mmoja wa kudumu, mwenye beji. Tuko wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Miwani amesoma kila kitabu kinachohusu jumba hili la kifalme, anajua hata idadi ya misumari ya dari. Mimi sijasoma. Nina mdomo. Shida ni kwamba mke wangu nilimwambia beji ninayo tangu mwaka jana. Jumamosi anakuja kuniona kazini, pamoja na mama yake. Lazima niipate!

Jumanne, 5 Machi

Wageni wangu walipiga miayo tangu ukumbi wa kwanza, wakiburuta vile vifuko vya kitambaa tunavyowavalisha juu ya viatu kulinda sakafu. Wa Miwani wanaandika! Nikaona kiti cha mbao mlangoni mwa chumba cha mfalme, mguu mmoja umefungwa waya. Ulimi ukateleza. Nikasema mfalme wa mwisho alikaa hapo siku tatu akimlilia malkia aliyetoroka, na mguu aliuvunja kwa hasira. Mama mmoja alitoa leso. Walipiga picha kiti, kitanda cha dhahabu wakakipa mgongo. Miwani akaniuliza hayo yako ukurasa gani. Nikamjibu kwamba mengine hayaandikwi.

Jumatano, 6 Machi

Foleni imefika getini! Mtunza jumba, ambaye ana mwezi mmoja tu hapa, ameagiza kiti kizungushiwe kamba nyekundu. Kibao: USIGUSE.

Tatizo dogo. Kiti ni cha shemeji, kaka wa mke wangu, mlinzi wa chumba kile. Hata waya aliufunga yeye. Aliuliza sasa akae wapi. Nikamsihi avumilie hadi Ijumaa, undugu ni kufaana. Akasema visigino vyake havina habari na Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji bado kasimama. Ameegemea ukuta, kafokewa. Nimemletea kigoda kutoka nyumbani, mtunza jumba kakitoa nje, eti kinashusha hadhi ya chumba. Nimemwonea huruma shemeji kweli. Halafu wageni wapya wakaingia.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Mtunza jumba alikuwa mbele, wageni wamejaa. Mfalme wangu ndiyo kwanza anaanza kulia. Shemeji akaja, akanyanyua kamba, akaketi, akavua buti. Aliguna kwa raha mpaka chumba kizima kikasikia. Mtunza jumba akamwamuru atoke kwenye kiti cha mfalme. Shemeji akauliza mfalme yupi, kiti kakinunua yeye kwa fundi wa nyuma ya soko, na jina lake liko chini. Wakakipindua. Lipo!

Njia ya mwongo fupi. Beji kapata Miwani. Niliumia, sifichi. Lakini ni Miwani huyohuyo aliyeniombea nisifukuzwe. Alisema jumba halijawahi kuona foleni kama ile. Nimepewa kazi ya mlangoni, kugawa vifuko vya viatu.

Jioni nikamwambia mke wangu ukweli wote. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe alijua tangu mwaka jana, kaka yake humweleza kila kitu. Akasema kesho watakuja vilevile.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka mtu mpya. Kuanzia leo ni ukweli mtupu!

Shemeji amekaa kwenye kiti chake, ameniitikia salamu. Mke wangu kapendeza. Mama mkwe akachukua jozi ya vifuko, akaona kimoja kina kiraka, akaniuliza kama vimefuliwa. Vimefuliwa! Ningejibu hivyo tu, yakaisha. Lakini alinitazama kwa matumaini, na nyuma yake watu walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia taratibu kwamba kiraka hicho alikishona malkia kwa mkono wake, asubuhi ile aliyotoroka.

Kufikia saa sita kila mgeni anadai jozi ya kiraka. Tuna jozi mia na themanini, na kiraka ni kimoja, nacho mama mkwe amegoma kukivua.

Nimemtuma mke wangu sindano na uzi.