Kahawa ya Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mbuzi wa jirani ameniharibia maisha. Alikutwa nyuma ya choo cha kituo akitafuna kikombe cha plastiki. Kikombe changu. Yaani kimoja kati ya vile ninavyowagawia wagonjwa kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, nikichota kahawa kwenye sufuria kubwa. Mkurugenzi wetu, Mama Déborah, alimwona mbuzi. Kisha aliniona mimi nikimwaga mtaroni nusu ya sufuria iliyobaki. Akaita mkutano.

Alisema kituo chetu kinafundisha watu kutembea tena na kutumia mikono tena, halafu sisi wenyewe tunawanywesha kahawa kama watoto wachanga. Sasa anataka kila mtu ajitengenezee kikombe chake cha kahawa, kimoja tu, bila kuacha takataka, hata kama ana mkono mmoja au amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Mwenye wazo alilete. Ijumaa ataamua.

Mimi ni karani wa mapokezi. Lakini hakuna anayekumbuka daftari la mapokezi. Wanakumbuka kahawa. Wakininyang'anya sufuria, nitabaki nani?

Mama Zaituni, anayeshona mikanda ya kufungia mikono na miguu ya wagonjwa, hakusema neno mkutanoni. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Nimewahi. Shemeji yangu Ariel ana mashine aliyoileta kutoka Lubumbashi. Unatia kapsuli ya kahawa, unabonyeza, kikombe kinajaa. Kidole kimoja kinatosha. Nikaiazima.

Nilimwita mgonjwa wetu, Papa Kalala, aijaribu. Alikuwa ajida, yaani msimamizi wa askari, kwenye base ya jeshi. Tangu apigwe na kiharusi mwaka jana, mkono wake wa kulia umelala. Mkewe alifariki miezi mitatu baadaye. Ni mtu asiyependa kuhudumiwa, na anahudumiwa kila siku.

Alibonyeza. Kahawa ikatoka. Nilijisikia mkubwa. Kweli, kufungua kifuniko cha mashine kulitaka mikono miwili, lakini mimi nilikuwepo. Wagonjwa wengine wakapanga mstari. Kwenye kikombe cha sita batri za paneli za jua zikazimika, na ripoti ambayo Mama Déborah aliiandika tangu asubuhi ikapotea ndani ya kompyuta.

Papa Kalala alikusanya maganda sita ya kapsuli, akayapanga mezani kama askari kwenye gwaride. Akaniuliza kwa upole: "Abner, hawa baaskari sita bamekufa, tutabazika wapi?"

Watu hawakucheka sana. Walicheka kidogo tu. Hiyo ni mbaya zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Sikula asubuhi. Nilipita mbele ya chumba cha ushonaji mara nne, nikijifanya natafuta kalamu. Mara ya nne nikaona. Mama Zaituni anashona kifuko kidogo cha pamba, chembamba chini, kipana juu. Atakitilia kahawa na kumimina maji. Kitambaa kinafuliwa, hakitupwi. Nimeshindwa, nikajiambia.

Halafu nikapumua. Kifuko chembamba chini, kipana juu, ni nini? Ni soksi. Mimi ninazo soksi.

Nilikimbia nyumbani, nikafua moja mara tatu, nikaifikisha kituoni kabla ya saa nne. Papa Kalala alikubali kujaribu tena, sijui kwa nini. Shida ilikuja hapo hapo. Mkono mmoja unashika soksi, wa pili unashika birika. Yeye wa pili hana. Alishika birika, akajaribu kuibana soksi kwa meno. Soksi ikaanguka ndani ya kikombe, kikombe kikapinduka, maji ya moto yakamwagika mezani na kushuka karibu kabisa na paja lake. Niliruka. Mkono wangu ndio ulioungua, kidogo.

Sitasahau uso wake. Hakukasirika. Alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia, kama mtu anayemwangalia ndugu aliyemwaibisha mbele ya wageni.

Mama Déborah alinyanyua soksi kwa vidole viwili. "Hii iko ya nani?" Nilisema nitaulizia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya jambo baya. Mama Zaituni alipokwenda kuswali adhuhuri, nilichukua kifaa chake cha kahawa kapuni na kukificha kwenye droo ya mapokezi. Nilitaka kukiweka huko mpaka Ijumaa ipite. Nilirudi kwenye daftari, nikaandika jina la mgonjwa mmoja mara mbili.

Kisha nikafungua droo nikiangalie. Kifuko kimefungwa kwenye duara la waya. Waya umesimama kwenye mguu wa chuma, kipande cha cherehani ya zamani, kizito hata ukikisukuma hakianguki. Kikombe kinakaa chini. Hakuna kitu cha kushika.

Mama Zaituni aliporudi, alikuja moja kwa moja kwenye droo. Waya ulikuwa umechomoza nje.

"Papa Abner, weye ulikuwa unatafuta nini mu kapu yangu?"

Nilisema nilikuwa nakagua usalama wake. Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa. Alisema cha kwanza alimshonea mama yake kule Kasongo, vidole vilipokakamaa hata kijiko kikamshinda. Na hiki, alisema, hakukifikiria peke yake. Alimuuliza Papa Kalala kwanza, na ni yeye aliyemwambia mguu uwe mzito. Papa Kalala alimwambia pia kwamba tangu mke wake afariki, anakunywa kahawa siku ambayo mtu amemkumbuka. Siku nyingine anakaa tu.

Nilimrudishia kifaa chake. Nilikuwa nimempa Papa Kalala kahawa kila asubuhi kituoni. Sikuwahi kuuliza habari za Jumamosi na Jumapili.

Ijumaa, 7 Machi

Papa Kalala alikuja amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi. Alikaa mezani. Kijiko kimoja cha kahawa kwenye kifuko. Termosi ya maji ya moto, ya kubonyeza juu, aliibonyeza kwa kiwiko cha kushoto. Akangoja. Chumba kizima kilingoja naye. Matone yaliposimama, alivuta kikombe, akanywa, akafumba macho.

Hakuna aliyemsaidia. Masalia ya kahawa Mama Zaituni aliyapeleka kwenye migomba.

Kisha Papa Kalala akasuuza kifuko, akaanza tena. Nilidhani ana kiu. Alisukuma kikombe cha pili upande wangu. "Kunywa, Abner. Leo ni mimi njo nakupatia."

Nilikunywa. Ilikuwa ya moto, nikaimaliza yote.

Mama Déborah alipoamua tutumie kifaa hicho, nilimuuliza nani sasa atakuwa mkubwa wa meza ya kahawa. Alinishangaa. Meza haina mkubwa, alisema, hiyo ndiyo maana yake. Wiki nzima nimegombania cheo ambacho hakipo.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutano mfupi. Mama Déborah anasema bomba la kunawia mikono uani liko juu mno kwa watu wa viti vya magurudumu. Mwenye wazo alilete kabla ya Ijumaa. Mama Zaituni hakusema neno.

Safari hii sitachelewa. Kuna mtu kule Kaniama ana pampu ya mota anayonyweshea ng'ombe, inarusha maji mpaka juu ya paa. Nimeshatuma ujumbe kwa mtu wa pikipiki. Papa Kalala alikuja mapokezi na wagonjwa watatu wa viti vya magurudumu, wakataka kunionyesha mikono yao inafika wapi. Niliwaambia wangoje kwanza pampu ifike.