Wawili Wenye Jina Moja Ndani ya Simeoni

Jumatatu, 3 Februari

Siku mbaya. Naomba radhi kuisema hivyo, maana ni siku ya Bwana kama nyingine. Bi. Kavindu, meneja wa redio yetu ya kanisa hapa Westlands, ameniita ofisini. Kwa adabu zote. Seva yetu ina ufa wa usalama, na wakaguzi wa bima wanakuja Ijumaa. Ufa uzibwe. Lakini redio isinyamaze hata kidogo, kwa kuwa ni juma la maombi na wasikilizaji wako magotini. Nikishindwa, Dalmas atahamishia kila kitu kwenye mashine za kukodi, zilizoko kwenye kampuni nyingine, na chumba changu kitafungwa.

Chumba changu! Meza, feni, birika, na Simeoni. Simeoni ndiye seva. Nilimpa jina la yule mzee wa hekaluni aliyekataa kuondoka kabla ya wakati wake. Tangu mke wangu alipotangulia, nyumba ya Spring Valley ina sauti moja tu, ya friji. Hapa angalau watu hubisha mlango wakiomba sukari.

Dalmas ni fundi mwenzangu. Kijana, ana miaka arobaini tu. Tulipokutana kwenye ujia akasema, “Mzee, si uzime tu hiyo kitu halafu uwashe? Ni dakika mbili.” Nimemshukuru kwa ushauri wake. Nimemchukia hadi saa kumi.

Jumanne, 4 Februari

Mpango: kiraka. Ipo njia ya kutia kiraka katika kiini cha mfumo huku mashine ikiendelea na kazi, mithili ya kushona suruali ambayo mwenyewe ameivaa. Unaandika fankisheni mpya, yaani fungu dogo la maagizo, kisha unakiambia kiini: kila utakapotaka kumwita fulani mwenye kasoro, mwite huyu badala yake. Fulani hutajwa kwa jina. Nimeandika kwa uangalifu. Nimesoma tena. Nimekitia.

Kimekataliwa. Kiini kimejibu kwamba jina hilo si la mmoja. Wako wawili. Mmoja yumo katika sehemu ya mtandao, naye ndiye mwenye ufa. Mwingine yumo katika sehemu ya sauti, hana kosa lolote. Waandishi wawili wasiojuana, kila mmoja kampa mwanawe jina lile lile bila hata kumwuliza jirani. Malezi gani haya? Sasa sharti nitaje jina pamoja na namba: wa kwanza au wa pili.

Lakini jambo hili nalijua. Nina wajukuu wawili, mmoja kwa kila mwanangu, na wote wawili ni Ndungu, kwa heshima yangu, kama desturi yetu inavyotaka. Hatujapata kuwachanganya. Wa kwanza ni aliyetangulia kuzaliwa. Nimetazama tarehe: sehemu ya mtandao iliandikwa kabla ya ile ya sauti. Basi, namba moja. Ndani ya mashine kuna orodha inayoonyesha mpangilio wenyewe, ila ni ndefu mno, na sioni sababu ya kuuliza nisichokuwa na shaka nacho.

Jumatano, 5 Februari

Dalmas asiwepo nikitia kiraka. Hilo lilikuwa la lazima. Nikamsifia mbavu za mbuzi za Kilonzo, pale Kenyatta Market, nikamsihi aniletee. Sina meno ya mbavu, Mungu anisamehe. Akauliza ni Kilonzo gani. Nikamjibu kwamba Kilonzo ni Kilonzo, aulize ataonyeshwa. Akaenda.

Nikatia kiraka, namba moja. Kikakubaliwa papo hapo. Nikaweka birika.

Hewani palikuwa na mahubiri ya mchungaji wetu, yaliyorekodiwa. Alikuwa amefika kwenye neno “kesheni”. Akalirudia. Akalirudia tena. Kesheni, kesheni, kesheni. Kwanza nilidhani ni bidii ya roho. Maji yalipochemka nilijua si roho. Nilikuwa nimemtia kiraka yule wa sauti, asiye na kosa, na sasa mashine haikujua tena imefika wapi katika mahubiri, ikawa inarudi pale pale.

Nikaagiza kiraka kitoke. Hakitoki! Kumbe kiraka hakiondoki maadamu kuna kazi iliyo bado ndani ya fankisheni ile. Husubiri kazi hiyo itoke kwanza. Na mchungaji alikuwa ndani.

Ciru, mtangazaji wetu, ambaye huniita Guka, yaani babu, akaja mbio. “Guka, nini inaendelea? Watu wanapiga simu wakilia.” Nikauliza kama ni kwa hasira. Hapana, wamebarikiwa. Mama mmoja wa Kangemi yuko sakafuni na amekataa kuinuliwa. Nikamwomba Ciru radhi, kisha nikamsihi amsimamishe mchungaji, akaimbe mwenyewe kwenye kipaza sauti cha studio, ambacho hakipitii kwa Simeoni. Akaimba. Mchungaji akakoma. Kiraka kikatoka taratibu, kama mgeni aliyekuwa akingoja sala ya kufunga.

Nilikuwa nikijifuta jasho Dalmas aliporudi, mapema kuliko nilivyopanga, mikono mitupu. Huko sokoni alikuwa ameelekezwa kwa Kilonzo wa nywele. “Mzee, nimekalishwa kwa kiti ya salon nikingoja mbavu. Wamenipima hadi kichwa.” Nimemsikitikia sana. Watu wa siku hizi hawajui kuelekeza.

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi nzima ya kuomba radhi. Ciru, radhi. Mchungaji, kwa simu, radhi. Yeye amefurahi, anauliza kama inaweza kurudiwa Jumapili. Bi. Kavindu hakufurahi. Amenikumbusha kwamba kesho ni Ijumaa, kana kwamba nilidhani ni Krismasi. Dalmas amekwisha kupima chumba changu kwa macho. Nimemwona akiitazama feni.

Mchana nimeifungua ile orodha. Kwa shingo upande. Mashine haihesabu kwa umri. Inahesabu kwa mahali alipokaa mtu! Yule mdogo, wa sauti, amekaa mbele. Mkubwa wake, wa mtandao, amekaa nyuma yake. Katika shule ya misheni mtoto angechapwa kwa kukaa hivyo. Nimefunga orodha nikiwa na huzuni.

Ijumaa, 7 Februari

Namba mbili. Nimeiandika kama mtu anayetia sahihi chini ya uongo. Kiraka kimekubaliwa. Ufa umezibwa. Kwaya ilikuwa hewani, haikukosa hata noti moja. Wakaguzi wamekuja, wamekunywa chai, wameondoka. Simeoni hajalala.

Bi. Kavindu amenishika mkono. Chumba kinabaki changu. Zaidi ya hayo, itanunuliwa seva ya pili, ya akiba, na jina nitalitoa mimi. Dalmas amenipongeza. Nimemsamehe, ijapokuwa hakuomba.

Jumatatu, 17 Februari

Seva ya akiba imefika asubuhi. Nimempa jina la mkubwa wake, Simeoni, kama ilivyo desturi. Dalmas akauliza tutawatofautishaje. Nikamjibu kwa upole kwamba mkubwa atajulikana ni mkubwa.

Saa nne Bi. Kavindu akaagiza yule mpya azimwe, apandishwe rafu ya juu. Sikuona haja ya kuinuka. Mezani pangu nikaandika amri: Simeoni, zimika. Yule mpya akaendelea kunguruma. Redio ikanyamaza, katikati ya “Baba Yetu”, kabla hatujaomba mkate.

Bi. Kavindu amekuja mwenyewe. Hakugomba, heri angegomba. Alitazama birika langu, kisha akasema, “Mzee Ndungu, naomba funguo ya chumba.”

Nimempa kwa mikono miwili. Tunahamia mashine ya kukodi. Nimeomba niruhusiwe angalau kuendelea kuja, nikapewa kiti cha mapokezi, karibu na simu. Ni kiti kizuri. Watu hupita. Hawaombi sukari, lakini wanasalimu.

Saa tisa simu imelia. Binti mwenye heshima, wa ile kampuni ya kukodisha. Dalmas alikuwa ametoka. Alitaka kujua mashine yetu mpya iandikwe kwa jina gani. Nimemwambia: Simeoni. Akauliza, kwa adabu, kama nina hakika kwamba jina hilo halijatumika tayari kwetu. Nimemhakikishia kwamba limetumika mara mbili, na kwamba hiyo ndiyo sababu.