Kamera ya Mgeni wa Heshima

Kiema alikuwa na kipimo chake cha kujua mji wenye pesa: alitazama viti. Siku aliyoshuka Mbumbuni akitokea Kitui, kamera shingoni na suti ya kuazima mwilini, alikuta kina mama wakifanya mkutano wa kikundi chao kwenye uwanja wa kanisa. Walikuwa wamekalia viti vya plastiki vipya, zaidi ya mia, chini ya hema jeupe lisilo na kiraka hata kimoja. Pembeni palikuwa na spika ndefu kumshinda yeye. Kiema alimeza mate. Watu wenye viti vya namna hii, alijiambia, hawawezi kukosa nauli ya kuwapeleka watoto wao Ulaya.

Hapo ndipo safari ya Norwe ilipozaliwa. Awali alikuwa amepanga kuwauzia Uholanzi, lakini siku hizi kila kijiji kina mtu wake huko anayeweza kupigiwa simu.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Nzilani, muuzaji wa ndengu, mama mpole mwenye tabia ya kusikiliza huku anachambua ndengu kwenye ungo. Kiema alimweleza yote. Vijana kumi wa Mbumbuni wangeenda Norwe wiki tatu kupiga picha za theluji, kisha vijana kumi wa Norwe wangekuja Makueni kupiga picha za maembe, na tamaduni mbili zingekuwa zimebadilishana. Chakula na malazi wenyeji wangelipa. Kilichobaki ni tiketi na viza, vitu vidogo vya kumalizwa na harambee moja. Nzilani aliuliza jambo moja tu, kama watoto hawatasikia baridi. Kiema akamhakikishia kwamba sweta zimo kwenye mpango.

Basi akapelekwa ofisini kutia sahihi kitabu cha wageni. Ukutani palikuwa na picha tatu za wanaume wenye suti, zimewekwa kwenye fremu, na pembeni yake msumari mtupu. Nzilani alimwambia kwamba hao ni wageni wa heshima waliomtangulia. Kiema akainyoosha tai yake. Alipenda sana mji unaojua kuheshimu wageni.

Kusema kweli, katika mambo yote ya Kiema, kamera pekee ndiyo iliyokuwa ya haki. Aliinunua kwa jasho enzi akipiga picha za harusi Kitui na Mwingi, kabla kila shangazi hajapata simu ya kujipigia mwenyewe. Kazi ilikufa, akaingia ujanja, lakini kamera hakuiuza hata siku za kulala njaa. Kila asubuhi aliifuta lenzi kabla ya kunawa uso. Aliipenda, na hakuona haya kuipenda.

Ili watu waone kitu kwa macho, aliwafundisha vijana kwa wiki nzima. Tisa kati yao walipiga picha za vidole vyao wenyewe. Wa kumi, msichana aitwaye Wavinya, alimpiga picha bibi mmoja akipepeta ndengu, na Kiema akaitazama mara mbili. Aliona wivu, kisha akaona aibu, kisha akakumbuka kwamba aibu haijawahi kumlipia kodi ya nyumba.

Jumamosi, siku ya harambee, hema likajaa. Kapu likapita, noti zikadondoka. Kisha ukaja mnada wa jogoo, na Kiema akastarehe kabisa, maana mambo haya aliyajua tangu utotoni. Jogoo huwekwa mezani, watu hushindana bei, na aliyeshinda hulipa, kisha husimama na kutamka kwamba amemnunua na anamrudisha. Jogoo huuzwa upya. Yule wa Mbumbuni aliuzwa mara sita, na kila aliporudi mezani alikuwa na sura ya mtu aliyechoshwa na ndoa.

Ndipo Mulinge, kinyozi aliyeshika maikrofoni, alipotangaza kwamba mgeni wa heshima naye ana neno. Neno, katika harambee, ni kutoa kitu, na mgeni hutoa kuliko wote. Mfukoni Kiema hakuwa na chochote cha maana. Hema zima likamgeukia. Akawaza haraka: kama jogoo amerudi mara sita, je, kamera? Akaivua shingoni, akaiweka kando ya jogoo, akasema anatoa alicho nacho kwa ajili ya watoto. Aliuachia ukanda wake polepole, na safari hii hakuwa anaigiza.

Bei ilipanda mpaka Nzilani akawashinda wote kwa elfu arobaini. Akatia noti kapuni, akaichukua kamera, akasimama.

“Nimeinunua,” alisema.

Kiema alingojea sentensi imalizike. Nzilani akamvisha Wavinya kamera shingoni, akaketi. Watu wakapiga makofi. Kurudisha ni hiari, hilo Kiema alilijua, ila hajawahi kuona mtu akikataa. Moyo ulimuuma, lakini akajifariji kwamba kapu lote ni lake, na pesa hizo zingenunua kamera tatu.

Ofisini alilikuta kapu tupu.

“Kila mtu amechukua yake,” Nzilani alisema kwa upole. “Na mimi yangu.”

“Lakini mwaitu, mama yangu, watu wa Norwe wanangoja.”

“Wangoje tu. Hata wale wa Kanada bado wanangoja.” Akaonyesha picha ya kwanza ukutani. “Huyu alikuja na kazi za Kanada. Hatukuwa tunajua kitu, akaenda na pesa za ng'ombe za watu. Tuliweka picha yake ndio tusimsahau. Huyu wa pili alikuja na Dubai. Tukamwambia mgeni ndiye hutangulia kutoa, akatoa hizo viti. Wa tatu alikuwa na shule ya marubani. Hema na spika ni yake.”

Kiema akasema angekwenda kwa chifu.

“Chifu ndiye alikuwa ameketi karibu na wewe. Twende umwambie hiyo ndege ilikuwa ya siku gani.”

Kiema akaangalia chini. “Hiyo kamera ndiyo kitu pekee ya halali nilikuwa nayo,” alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alisema kweli tupu.

“Najua. Ndiyo itafanya kazi ya halali. Wavinya ana harusi mbili mwezi huu.”

Kisha Nzilani akainama chini ya meza, akamtoa jogoo. Yeye ndiye aliyemnunua mara ya mwisho, mnada ulipofungwa, alieleza, na jogoo huyu sasa anamrudisha, asije mgeni akaondoka mikono mitupu. Mlangoni Wavinya alikuwa tayari ameinua kamera.

“Mwalimu, simama hapo kwa dirisha. Si ulisema mwanga utoke kando?”

Kiema akasimama, jogoo kwapani, mgongo wake ukigusa msumari mtupu. Akanyoosha tai. Kwa mazoea tu akamwambia msichana asogee hatua moja nyuma, aipunguze lenzi mwanga kidogo, angoje jogoo atulie. Wavinya akafanya vile vile.

Wanaoijua ofisi ile wanakubali kwamba kati ya picha zote nne, hiyo ndiyo nzuri zaidi.