Biskuti za Bwana Bobu

Jamani wenzangu, leo nimepatikana.

Nawaandikia ninyi tuliorudi pamoja kutoka vita vya Bama, mlioko Mpui na wewe wa Mwimbi, kabla hamjasikia kwa watu wa sokoni. Maana mtasikia. Mji huu wa Sumbawanga hauna siri, hasa siri ya mtu mzima aliyejiumbua mwenyewe mbele ya Bwana DC na mkewe. Kule vitani mabomu yalinikosa. Leo nimeuawa na sahani ya biskuti.

Mnajua nampikia yule Mmarekani anayepima udongo, Bwana Bobu. Ana jina refu lakini halitaki, anataka Bobu tu. (Siku ya kwanza Bwana DC alimuuliza kama Bobu ni jina lake au la mbwa wake. Akajibu kwamba mbwa wake ana jina la heshima zaidi.) Ni mtu wa ajabu. Ananiamkia shikamoo. Mzungu! Bwana DC aliwahi kumsikia, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mpishi haamkiwi. Bobu akasema, "Kanizidi umri." Bwana DC akatazama juu kama anaomba mvua.

Kazi ya kupima udongo inakwisha mvua zikianza, na Bobu anarudi kwao. Mimi nabaki na nini? Nabaki na mikono yangu. Sasa kule kwa Bwana DC mpishi wao, Alfonsi, anastaafu, anarudi kwao Kaengesa. Memsahibu anatafuta mtu. Bobu mwenyewe, kwa wema wake, akaniambia, "Nitawaalika waje kula mchana. Memsahibu ataonja chakula chako. Akikipenda, umepata kazi." Mama watoto aliposikia alianza kuhesabu mabati ya nyumba ya mpishi wa DC. Mimi nikafua kanzu yangu nyeupe mpaka ikakaribia kuchanika.

Leo asubuhi, kabla Bobu hajaenda kwenye mashimo yake, akaja jikoni. (Huwa anaingia jikoni. Anaonja vitu kwa kidole. Nimemzoea.)

"Bwana Krispini, leo naomba tuwape wageni chakula cha kwetu. Anachopika mama yangu. Biskuti na grevi."

Nikadhani sikusikia. "Biskuti, bwana?"

"Biskuti. Nyingi."

"Na grevi ya nyama?"

"Ya nyama. Nzito, na pilipili manga."

"Grevi niweke pembeni?"

"Hapana, pembeni kwa nini? Mwaga juu! Zizame!"

Akaenda zake akipiga mluzi. Nikabaki nimeshika mwiko.

Wenzangu, biskuti nazijua. Nimepikia Waingereza tangu sijaoa. Biskuti ni kitu kitamu, kikavu, cha tangawizi, kinaliwa na chai. Unaitia ndani ya chai kidogo, unaitoa haraka kabla haijakatika. Grevi ni mchuzi mzito wa nyama ya kuoka. Hivi vitu viwili havijawahi kulala chumba kimoja. Nikaona niulize kwa mwenye kujua. Na hapa ndipo nataja jina la mtu, wala sifichi: Alfonsi. Alfonsi mpishi wa DC, mwenye mwanya. Huyo ndiye.

Nikamkuta anamenya viazi nyuma ya nyumba ya DC. Nikamweleza. Alicheka mpaka kiazi kikamponyoka.

"Ndugu yangu, unashangaa nini? Wamarekani ndivyo walivyo! Memsahibu kila siku anatusimulia mezani. Anasema wale walikuwa Waingereza wazuri tu, wakahama, wakaharibika."

"Lakini biskuti na grevi, kaka?"

"Wanachanganya tamu na chumvi, wote. Wanakunywa chai ya baridi. Umeona au hujaona?"

Nimeona. Bobu anaipoza chai usiku mzima dirishani, na baridi ya huku kwetu mwezi huu mnaijua, halafu anainywa mchana akisema aah.

"Wanakata nyama yote vipande kwanza, kama ya mtoto anayeota meno, halafu wanahamisha uma mkono wa kulia. Umeona?"

Nimeona.

"Wanatafuna ule mpira wao mchana kutwa wala hawaumezi?"

Nimeona, kaka, nimeona.

"Basi. Na biskuti ni hivyo hivyo. Mpe anachotaka. Tia sukari ya kutosha, ndiyo wanayopenda."

Sasa niambieni. Mtu akikuambia mambo matatu nawe umeyaona yote kwa macho, la nne utalikataaje? Sikujua kwamba Alfonsi ana shemeji yake, Oswaldi, anayeitaka kazi ile ile. (Nilijua Oswaldi ni shemeji yake. Kwamba anajua hata kuchemsha maji, hilo ndilo sikujua.)

Nikarudi. Nikachukua debe langu la kuokea, makaa chini, makaa juu. Nikaoka biskuti za tangawizi, zile za memsahibu wa kwanza niliyemfanyia kazi, ambazo ukiangusha moja sakafuni unaikagua kwanza sakafu. Nikanyunyiza sukari. Nikapika grevi nyeusi, nzito, inang'aa, ya kumfanya mtu alie. Nikasema moyoni, Krispini, hujui unachofanya lakini unakifanya vizuri.

Wageni wakaja. Supu ya kuku ikaenda salama. Memsahibu aliinywa yote, akanitikisia kichwa kwa kuridhika. Kichwa chake kilipotikisika niliona mabati.

Kisha Bobu akasimama, mkono kifuani, akawaambia kwamba sasa wataonja chakula cha nyumbani kwao hasa, kama kinavyotoka mkononi mwa mama yake. Kiingereza nakisikia nusu, nilikiokota jeshini, nusu nyingine nimeelezwa baadaye, lakini neno mama nalijua. Nikaingia na bakuli kubwa lililofunikwa. Nikaliweka katikati ya meza. Nikafunua.

Bwana DC na mkewe wakainamia bakuli.

Biskuti zilikuwa zinaelea. Zingine zimesimama upande kama mitumbwi iliyopigwa na wimbi. Sukari ilikuwa imeyeyuka, imefanya utando juu ya mafuta. Harufu ya tangawizi na ya nyama zilikuwa zinagombana hewani.

Bobu akatazama bakuli. Akanitazama mimi. Masikio yake yakawa mekundu. Nikaona kabisa kwamba hakuna mama yeyote duniani aliyewahi kupika kitu hiki.

Halafu, wenzangu, yule mtu akachukua kijiko. Akajipakulia. Akasema, "Eeh. Hiki ndicho. Sawasawa na cha mama."

Akala! Alipouma, biskuti ililia kama mtu anayekanyaga kuni kavu. Akameza. Akatabasamu. Wageni nao, heshima ni heshima, wakapakua. Bwana DC alitafuna muda mrefu, sharubu zinapanda na kushuka, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe mlitukimbia kwa ajili ya hiki," akasema. "Mlituasi, mkapigana nasi, mkajitenga, ili mkale hivi?"

"Hivi," akajibu Bobu, "na chai ya baridi."

Bwana DC akapasuka kicheko. Memsahibu naye akacheka, leso mdomoni. Akasema kila alilosikia juu ya Wamarekani ni kweli tupu, na mengine wamepunguziwa. Bobu akawaambia bado hawajaona anavyokula yai. Wakacheka tena. Meza ikachangamka kuliko siku yoyote niliyoiona. Shauri lilikuwa limekwisha. Limekwisha vizuri! Nilichotakiwa kufanya ni kitu kimoja tu, kusimama pale ukutani na kitambaa changu mkononi, kimya, kama nilivyosimama miaka yote.

Lakini memsahibu akamwambia mumewe kitu kwa sauti ya chini, akanitazama kwa huruma. Nikasikia neno mpishi, nikasikia neno maskini. Basi kichwani mwangu nikaona kazi inaondoka. Nikaona ananihesabu mimi kuwa mpishi wa takataka. Nikaona Oswaldi amevaa kanzu yangu.

Nikafungua mdomo. (Mngekuwepo mngeniziba kwa kitambaa.)

Nikasema kwa Kiingereza changu cha jeshini, kwa sauti ya gwaride: "Memsahibu! Hiki chakula si mimi! Mimi mpishi wa Kiingereza! Bwana huyu ndiye alisema biskuti, alisema grevi, alisema zizame! Mimi nilijua ni vibaya! Nilijua tangu asubuhi!"

Na kidole, wenzangu. Kidole changu kilikuwa kimemwelekea Bobu. Sijui nani alikinyanyua.

Bwana DC akaacha kutafuna. Memsahibu akageuka polepole. "Alisema biskuti?" Akamtazama Bobu. "Lakini kwenu biskuti si ni vile vimkate laini? Kama skonzi zetu?"

Bobu akatazama sahani yake. Sasa kila mtu pale mezani akaelewa. Mpishi amekosea neno, bwana ameliona kosa, bwana ameamua kula mawe ya tangawizi na kuchekwa yeye na mama yake na nchi yake nzima ili mpishi asiaibike mbele ya mtu ambaye kwake anatafuta kazi. Na mpishi ndiye amemchongea.

Memsahibu akaweka uma chini. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja:

"Wewe nataka kazi kwangu?"

"Ndiyo, memsahibu."

"Bwana yako nakula chakula mbaya sana sababu ya wewe. Wewe nasema yeye mbele ya wageni. Kesho mimi nakosa kidogo, wewe nasema mimi kwa nani?"

Mtu ambaye maisha yake yote hajaweka kitenzi mahali pake, leo kanishinda kwa Kiswahili.

"Toa sahani," akasema.

Nikatoa. Bakuli likainama, grevi ikanimwagikia kwenye kanzu, kuanzia kifuani mpaka chini. Nikasikia Bobu nyuma yangu anawaambia kwamba kosa ni lake, hakueleza vizuri. Nilitamani angenitukana. Nimetukanwa na masajini hodari, nakujua kutukanwa, najua pa kukuweka. Hili sijui pa kuliweka.

Wageni walipoondoka alikuja jikoni. Nikasimama wima, nikisubiri kufukuzwa. Hakunifukuza. Alikunja mikono ya shati, akachukua unga wa ngano, siagi, magadi kidogo na maziwa ya mgando, akakanda kidogo tu, akakata viduara kwa mdomo wa bilauri. Tukavitia kwenye debe langu. Vikatoka vimeumuka, vyeupe ndani, laini kama pamba. Akavimwagia grevi yangu ile ile iliyobaki jikoni, akanipa sahani.

"Hizi ndizo biskuti," akasema.

Wenzangu, ni tamu. Ni tamu sana. Memsahibu angenyanyuka kwenye kiti. Nilikula nimewapa mgongo Bobu na jiko, kwa sababu macho yangu hayakuwa sawa. Moshi wa kuni ulikuwa mwingi.

Nikamwambia, "Bwana, nisamehe."

Akasema, "Neno moja, nchi mbili, Bwana Krispini. Hata wao na mimi hatuelewani." Lakini hakupiga mluzi alipotoka. Yule mtu hupiga mluzi hata anapooga.

Jioni Alfonsi akapita, mwanya nje. "Pole, ndugu yangu. Nimesikia. Oswaldi anaanza Jumatatu. Memsahibu amemuuliza kama anajua kunyamaza, akanyamaza, akampa kazi hapo hapo."

Nilitaka kumpiga na debe. Lakini ukweli unanikaba, nao nitawaandikia ninyi tu. Alfonsi aliniharibia biskuti. Kazi niliiharibu mwenyewe, na biskuti zilikuwa zimekwisha kusamehewa. Mama watoto nimemwambia. Anafua kanzu. Doa halitoki.

Msinicheke, tafadhali, huku wa kunicheka wametosha, wengine wametoka mpaka soko la pili. Mimi nawaambia hili moja tu: bwana wako akikubali kuila aibu yako, mwache amalize sahani.