Kapu la Rufaa Nyepesi

Jumatatu, 1 Julai 1996

"Rufaa ambayo mtu hakusimama kuisema si rufaa." Kasema Katana barazani, mbele za watu, huku akipuliza kahawa yake. Upuuzi. Katana ni karani mstaafu wa mahakama na mkuu wa wazee watatu wanaosikiliza rufaa za jumuiya ya mtaa wetu. Alipaswa kujua zaidi.

Nimemaliza kusoma utafiti niliouazima kwa wakili mmoja wa Ganjoni, juu ya mahakama za rufaa za serikali kuu ya Marekani. Kesi ziliwazidi majaji. Wakazichambua. Nzito husikilizwa kwa mdomo. Nyepesi huamuliwa kwa karatasi, nyingine kwa mstari mmoja tu. Hawaoni haya. Kwetu kila mkata rufaa huanza kwa kumjulia hali kila mzee, na watoto wake, na wajukuu. Magharibi huingia kabla ya hoja ya kwanza.

Nitaleta mageuzi. Kwa faida ya umma. Pia rufaa yangu iko chini kabisa ya rundo. Kamati ya jumuiya ilimruhusu Bimdogo akaange viazi karai vya kuuza chini ya dirisha langu, na vitabu vyangu vyote sasa vinanuka mafuta. Dirisha jingine la kusomea sina.

Jumatano, 3 Julai

Nimewaeleza wazee. Bi Afaf aliuliza kama majaji wa Marekani hawapewi kahawa. Jamaldin alisinzia, akaamka, akaunga mkono. Katana alikubali upesi mno. Nilipaswa kushtuka.

Akaomba kanuni fupi ya kuchambulia. Nikaiandika papo hapo: moshi, maji na makelele, kapu jepesi, haki na heshima ya mtu, kapu zito. Rufaa yangu inahusu haki ya binadamu kusoma. Hotuba nimeshaiandaa. Inaanzia maktaba za Baghdad.

Ijumaa, 5 Julai

Baada ya swala nimemkuta Nyevu mlangoni kwangu. Mjane, jirani wa nyuma. Rufaa yake ilihusu zamu ya bomba, ikatupwa kapu jepesi, akapewa kikaratasi: rufaa imekataliwa. Nikamfafanulia faida za mfumo. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kushindwa nimezoea, Sheikh Yeslam," akasema. "Lakini mngeniangalia usoni kidogo."

Akaenda zake. Nimekaa. Ule utafiti nao unauliza jambo hili, katika sura niliyoipitia mbiombio: mtu asiyesikilizwa ataamini vipi kwamba amesomwa? Nimepiga mstari chini ya swali. Nimelifikiria mpaka alasiri. Nimerudi kwenye hotuba. Baghdad ilihitaji mfano mmoja zaidi.

Jumapili, 7 Julai

Kikaratasi kimeingizwa chini ya mlango. Rufaa imekataliwa.

Nimekwenda kwa Katana bila hata kuvaa kofia. Akanikaribisha kiti. Nikakataa kiti.

"Kanuni ni yako, Sheikh," akasema. "Nimefungua ukurasa wa kwanza, nimekuta moshi."

Nikamwambia haki inaanza ukurasa wa tisa. Akaniuliza nataka nini hasa, kwani wazee wote watatu wangempa Bimdogo ushindi vilevile. Yule mama analisha watu kwa jiko lile. Nikasema nataka kusimama niseme. Akapuliza kahawa. Hakucheka.

Jumatano, 10 Julai

Bimdogo ameniletea sahani ya viazi karai, na ukwaju wake, kunipa pole. Nimekula. Kwa uchunguzi.

Asubuhi nilimwona Nyevu na ndoo zake kwenye foleni ya bomba. Nikapita kichochoro kingine.

Lakini nimelichambua suala upya, dirisha likiwa limefungwa, na kosa nimeliona. Mfumo hauna ila. Maji ni maji, na kapu jepesi ni mahali pake. Kosa ni kumpa kazi ya kuchambua mtu anayeishia ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo Katana, Bi Afaf na Jamaldin, nawadai waziwazi, na kesho nakala ya madai haya itabandikwa barazani: wekeni kapu la tatu, la rufaa zenye fikra. Uchambuzi nikabidhiwe mimi. Na rufaa ya kwanza kusikilizwa, kwa mdomo, iwe yangu. Nitahitaji alasiri nzima, na nyinyi watatu mniangalie usoni.