Friza Iliyopimwa Viwanja

Kwa Muuguzi wa Darasa la Kuwaanzishia Watoto Chakula,
Kliniki ya Watoto, nyuma ya posta.

Ndugu Muuguzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kalamu yako ya kijani ya kuandikia kwenye kadi za watoto bado ina wino. Sisi huku hatujambo, ila tuna kiu ya maji baridi. Mimi ni fundi viatu. Kazi yangu naifanyia barazani kwangu, na humo ndani naishi na mke wangu ambaye ni mwalimu, mwanangu ambaye ni fundi umeme, mkewe ambaye ni mpima ardhi, na mtoto wao wa miezi saba tunayemwita Mkaguzi kwa jinsi anavyomtazama mtu. Huyo wa mwisho ndiye mwenye nyumba siku hizi. Hayo ni matunda ya mafundisho yako, na ndiyo maana nakuandikia.

Pengine unanikumbuka. Ni mimi niliyewasindikiza mkwe wangu na mtoto siku ya darasa, nikaketi kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Nilikusikia ukiwaambia akina mama kwamba mtoto akitimiza miezi sita huanza chakula laini, na kwamba mama mwenye kazi anaweza kupika siku moja, akaponda, akagandisha kwenye trei za barafu, kisha akawa anayeyusha kipande kimoja kimoja kadiri anavyohitaji. Akina mama walishangilia. Mimi nami, kwa ujinga wangu, nilipiga makofi. Leo naomba nirudishiwe makofi yangu.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Friza imepimwa viwanja. Mkwe wangu ni mpima ardhi, na mpima ardhi ukimwonyesha friza usidhani ataishia kuitazama. Rafu ya juu ni ya boga na viazi vitamu. Ya kati ni karoti na njegere. Ya chini imeachwa wazi kwa ajili ya upanuzi, maana mtoto atafika kwenye nyama. Mimi niliyeinunua friza hiyo baba wa mtoto akiwa hajaota ndevu, nimepewa kiwanja cha kona, pale mlangoni, mahali ambapo maji hayagandi bali hufikiria kuganda. Nilipouliza, niliambiwa kwa adabu zote, "Baba, mipaka imeshawekwa."

2. Vipande vyenyewe vinafanana na barafu. Mwezi uliopita alinitembelea meneja wa kampuni ya ulinzi, amekuja kuzungumzia kazi ya kushona buti za walinzi wake wote. Mtu wa namna hiyo humpi maji ya bomba. Nilimmiminia juisi ya ndimu, nikafungua friza, nikaona vipande vizuri vya rangi ya machungwa, nikasema moyoni kumbe mkwe wangu kagandisha juisi, Mungu ambariki. Nikavitumbukiza bila ubahili. Kumbe ni karoti. Mgeni alikunywa. Kadiri vilivyoyeyuka ndivyo alivyozidi kukitafuna kinywaji, lakini ni mtu aliyelelewa, akamaliza glasi na kusema kwamba juisi ya kwetu ina mwili. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kazi ya buti niliipata. Ila jioni mkwe wangu aligundua kuwa chakula cha mtoto kimenywewa na meneja, na asubuhi yake mlango wa friza ulikuwa na kibandiko cha herufi kubwa: CHAKULA CHA MTOTO. BABU, HII SI BARAFU. Sasa nakuuliza, Ndugu Muuguzi, katika nyumba yenye watu wazima wanne, kwa nini atajwe mmoja tu? Kwamba huyo mmoja ndiye aliyefanya, hilo ni jambo jingine.

3. Ulisema mtoto aonjeshwe kitu kipya kimoja, kisha isubiriwe siku kadhaa kabla ya kingine, ili mwili wake ukikataa tumjue mkosaji. Hilo lina busara na silipingi. Lakini hakuna anayechemsha njegere za kujaza kijiko. Inapikwa sufuria nzima, mtoto anagandishiwa zake, na sisi tunamaliza zilizobaki zisije zikatupwa. Wiki ya njegere tulikula njegere. Wiki ya karoti tulikula karoti, mpaka macho yakanifunguka nikaona jinsi mishono yangu ya miaka ya nyuma ilivyopinda. Sasa tuko kwenye boga. Na baada ya kila chakula kipya huitishwa kikao, watu wazima wanne wameinamia nepi moja, wanajadili rangi. Mke wangu, kwa mazoea ya kazi, hutoa alama.

4. Hili nililisikia vizuri sana kupitia dirishani: mtoto akifumba mdomo au akigeuza kichwa asilazimishwe, kwa maana ameshiba au hataki, na uamuzi wake uheshimiwe. Niliona ni sheria nzuri, nikajaribu kuitumia. Sahani ya njegere ilipoletwa mbele yangu kwa mara nyingine, nilifumba mdomo na kugeuza kichwa. Mke wangu akasema, "Haya, babu ameshiba," akaiondoa sahani, pamoja na kipande cha samaki kilichokuwa kimejificha chini ya njegere. Usiku huo nililala na uji. Mkaguzi akigeuza kichwa anabembelezwa, anaimbiwa, anabadilishiwa kijiko. Kama ni haki, iwe ya wote.

5. Kila mfuko wa vipande humo ndani ya friza una tarehe. Sina ugomvi na tarehe. Lakini mke wangu ameanza kuniuliza fulana zangu ni za lini.

6. Hapa ndipo ninapoomba uvue miwani uifute, kisha uivae tena usome polepole. Mkwe wangu anarudi kazini karibuni. Mwanangu atakuwa juu ya nguzo zake za umeme, mke wangu atakuwa shuleni. Anayebaki nyumbani kutwa ni mimi, hapo barazani, hatua chache kutoka kwenye kitanda cha mtoto. Nilidhani jambo hilo halihitaji hata kuzungumzwa. Juzi nikiwa nagongomea kisigino, nilimsikia mwanangu akimwambia mkewe, akidhani nyundo imenifunika masikio: "Baba hataviweza hivi vya kuyeyusha. Atampa kikiwa barafu, au atampa kimeungua." Nikangoja mkwe wangu anitetee. Mkwe wangu aliendelea kuandika tarehe kwenye mifuko.

Basi wamepata nyumba ya kulelea watoto, ng'ambo ya barabara kuu. Wamekwenda kuiona, wameisifu kwamba ina mapazia. Mtoto atapelekwa huko kila asubuhi, kwa watu wema bila shaka, ila watu wasiojua hata kwamba akisumbua kulala hushikwa sikio la kushoto akatulia. Imeniuma, Ndugu Muuguzi. Nimezunguka kurasa hizi zote na boga na njegere, lakini lililoniuma ni hilo.

Na mimi si mgeni wa kazi hii. Baba wa mtoto huyo nilimlisha mwenyewe, barazani hapo hapo, kwa ndizi mbivu na uma. Uma haukuwa na tarehe. Hakuna aliyepima joto la kitu. Naye alikua, na leo anapanda nguzo bila kuanguka, na anasema maneno makali juu ya baba yake. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba kosa si la mikono yangu. Kosa ni la friza. Bila friza kusingekuwa na kuyeyusha, bila kuyeyusha kusingekuwa na utaalamu, na bila utaalamu mtoto angehitaji ndizi tu na mzee wa kuiponda, na wote wawili wapo.

Kutokana na hayo naomba utoe tangazo, lenye mhuri, kwamba kugandisha chakula cha watoto kumesitishwa mpaka mababu wote watakaposhauriwa. Kwamba trei za barafu zirudie kazi iliyoandikwa kwenye boksi lake. Kwamba ndizi itambuliwe rasmi. Na kwamba nyumba yoyote yenye babu asiye na kazi ya kumtoa nje isiruhusiwe kuvusha mtoto barabara. Kama tangazo hilo ni zito kwa nchi nzima, lianze na nyumba yetu, wengine watajifunza kwetu.

Nisalimie wote hapo kliniki: yule bwana wa mizani anayewaimbia watoto wakimlilia, dada wa dirisha la kadi, bawabu aliyeniletea maji nikiwa benchini, na akina mama wote wa darasa lako pamoja na friza zao. Mke wangu anakusalimu. Hajui kwamba nimekuandikia, lakini angejua angekusalimu.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima zote,

Fundi Viatu,
Babu wa Mkaguzi.

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena. Jana asubuhi ofisi ilimwita mkwe wangu ghafla, kuna majirani wamegombania mpaka wa shamba na kila mmoja ameshika jembe lake. Mke wangu alishaondoka, mwanangu pia. Mkwe wangu alinitazama, akamtazama mtoto, akanitazama tena. "Baba, boga liko rafu ya juu," akasema, na akatoka mbio.

Nilinawa kwa sabuni mpaka gundi ikakata tamaa. Nilianza na ndizi na uma, kama nilivyokueleza. Mkaguzi alifumba mdomo, kisha akalia kilio cha kuita majirani. Ikabidi nifungue friza. Nilichukua kipande cha boga, nikakiweka kwenye bakuli juu ya maji ya moto, nikakoroga mpaka pasiwe na ubaridi katikati, nikakiacha kipoe kidogo, nikajaribu joto lake mkononi. Akafungua mdomo. Akaufungua tena kabla kijiko hakijarudi. Lazima nikiri kwamba sijapata kumlisha mtoto kwa urahisi namna hiyo. Baba yake ndizi nyingi alizipaka ukutani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau hilo mpaka jana.

Mkwe wangu alirudi na tope kwenye buti, akatukuta mtoto amelala begani kwangu na mimi sithubutu kusogea. Alivua buti mlangoni. Kisha akachukua simu, akawapigia wale wa ng'ambo ya barabara, akawaambia nafasi ile wampe mtoto mwingine.

Kwa hiyo malalamiko yote nayaondoa. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu nimeiandika kwa mwandiko mzuri. Jibu ninalolihitaji sasa ni hili: nyama ikishasagwa, inagandishwa na mchuzi wake au bila mchuzi? Kama si jambo la kuelezwa kwa barua, usijisumbue. Jumatano nitakuja darasani. Mtoto nitakuja naye mimi.