Nati Zisizokazwa na Nyumba Yangu Inayotikisika

Ndugu Mhariri,
Jarida la Chama cha Magari ya Zamani,

Salamu nyingi. Mimi ni Bi. Mavis Hesketh, mke wa mwanachama wenu Clifford, mwenye lile gari jekundu la viti viwili. Ndani yake ndipo aliponichumbia, paa limekwama na mvua yote ya Lancashire ikitumwagikia. Nalitaja hilo mapema ili usidhani nina chuki na magari.

Katika toleo lenu la Pasaka mliandika kwamba mipira inayoshika kabureta kwenye injini ikichakaa iwekwe mipya, na nati zake zisikazwe hadi mwisho. Ziachiwe nafasi, kabureta itikisike kidogo, petroli isitoke povu. Clifford ameyashika maneno hayo kuliko anavyoshika mahubiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabureta zote mbili zilioshwa ndani ya chungu changu cha nyama ya kondoo na viazi. Mipira mipya aliiweka kwenye sahani ya biskuti. Mchungaji Pilling, aliyekuja kunywa chai, alitafuna mmoja kwa adabu kubwa kabla ya kuutema kwenye kitambaa. Hajarudi tena.

2. Kazi ya gari ilipokwisha, spana haikurudi sandukuni. Clifford alilegeza miguu ya meza ya jikoni, mpini wa birika na bawaba za mlango wa choo. Nikiuliza ananijibu, “Kitu kikibanwa sana hakipumui, mpenzi.” Jumapili meza ilipumua. Nyama ya ng'ombe iliteleza hadi sakafuni na mbwa akaimaliza kabla sijainama.

3. Akaingia kanisani. Benchi la kwaya nalo alilionea huruma. Katikati ya wimbo wa pili akina mama wote wa sauti ya pili walijikuta sakafuni kwa pamoja benchi lilipofumuka, mimi nikiwemo. Aliyecheka ni Clifford peke yake. Dada yangu Olive aliniuliza mbele za watu, “Mavis, huyo mumeo ni mzima kweli?”

4. Hili ndilo lililonikalisha niandike. Juzi nilimwambia atoke gereji saa kumi na mbili jioni, chakula kisipoe. Hayo tu. Akafuta mikono, akanitazama, akasema, “Umenikaza mno, Mavis. Niachie nafasi kidogo.”

Ndugu Mhariri, niliumia. Miaka yote hii namfulia maovaroli, kumbe mimi ni nati!

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mchapishe masahihisho kwa herufi kubwa kwamba kila nati duniani ikazwe mpaka mkono uchoke. Pili, mchapishe tangazo hili: Gari jekundu la michezo linauzwa, mipira ya kabureta ni mipya. Mnunuzi akitaka mume pia, amchukue. Hana usingizi mwingi, na anakula chochote kisichodondoka.

Nisalimie wafanyakazi wote wa jarida, pamoja na mkeo, ambaye natumaini ana meza inayosimama.

Wako katika masikitiko,
Mavis Hesketh (Bi.)

N.B. Kabla sijabandika stempu alifika mnunuzi kutoka Preston. Olive alikuwa amekwisha kumpasha habari kwamba gari linauzwa. Clifford hakubisha. Alifungua boneti, akasimama pembeni akifuta taa ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Yule bwana akashika kabureta, akaitikisa, akacheka. “Mama, hii imelegea! Nipe spana niibane.”

Sijui nilifikaje pale, ila nilijikuta nimesimama kati yake na injini, nikipiga kelele: “Toa mkono wako! Ukiibana petroli itatoka povu! Iache ipumue!” Clifford akanitazama kama siku ile ya mvua. Bwana wa Preston akarudi kwao na pesa zake.

Kwa hiyo tangazo lisichapwe. Masahihisho nayo mfute, isipokuwa mtaje kwamba nati za meza zikazwe. Kesho tunakwenda baharini, Morecambe, paa likiwa wazi. Nimemwambia lazima turudi nyumbani saa kumi na mbili, au hapo karibu.